Kupima biashara haramu ya sigara kati ya nchi jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa mifano ya Tanga

Majibu haya yameandikwa Tanga kwa ajili ya wanafunzi wa takwimu na uchumi, waandishi wa habari, watendaji wa kata na wenye maduka ambao kila mara husikia kwamba asilimia fulani ya sigara zinazovutwa nchini ni za magendo, na wakataka kujua asilimia hiyo imepatikanaje. Mifano mingi inatoka katika ukanda wa pwani kuanzia Pangani hadi Horohoro, lakini njia zenyewe za kupima ni zilezile zinazotumika kwingineko duniani.

Sigara haramu ni ipi hasa?

Itifaki ya Kutokomeza Biashara Haramu ya Bidhaa za Tumbaku, iliyopitishwa mjini Seoul tarehe 12 Novemba 2012 na kuanza kutumika tarehe 25 Septemba 2018, inahesabu kuwa haramu kila tendo lililokatazwa na sheria katika kutengeneza, kusafirisha, kupokea, kumiliki, kusambaza, kuuza au kununua bidhaa hizo. Maana hiyo ni pana kuliko picha iliyo vichwani mwa wengi, ya jahazi linalotia nanga usiku bila taa. Ndani yake mna sigara halisi iliyovushwa mpaka bila kulipiwa ushuru, sigara bandia inayoiga chapa ya mwenye haki, sigara iliyotengenezwa kihalali katika nchi moja kwa nia ya kupenyezwa katika nchi nyingine, sigara iliyotoka kiwandani hapahapa nchini bila kuandikwa vitabuni, na sigara iliyotangazwa kuwa ni mzigo wa mpito kwenda nchi ya tatu lakini ikashushwa njiani.

Kwa mpimaji, mgawanyo huu si wa kinadharia tu, kwa sababu kila njia ya kupima huona aina fulani na kupofuka kwa nyingine. Anayekagua pakiti ataona kwa urahisi chapa ya nchi jirani, lakini pakiti bandia yenye stempu ya kodi bandia iliyochapwa vizuri itampita. Anayelinganisha takwimu za biashara za nchi mbili ataona mzigo ulioandikwa upande mmoja na kupotea upande wa pili, ila mzigo ambao haukuandikwa popote hautakuwamo katika hesabu yake kabisa.

Pakiti ya Kenya ikionekana Tanga, je, ni lazima iwe ya magendo?

Si lazima. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu abiria aliyetimiza miaka 18 kuingia na bidhaa za tumbaku zisizozidi gramu 250 kwa matumizi yake mwenyewe bila kuzilipia ushuru. Sigara moja ina uzito wa karibu gramu moja, kwa hiyo kiasi hicho ni takriban pakiti 12 za sigara 20. Mtu wa Moa au Jasini upande wetu, mwenye shangazi Vanga upande wa Kenya, aliyevuka kwenda kuzika au kuhudhuria harusi, akirudi na pakiti mbili mfukoni hajavunja sheria ya forodha, na Wadigo wa pande zote mbili wamekuwa wakitembeleana namna hiyo tangu kabla mpaka haujachorwa.

Ndiyo maana utafiti wenye umakini hutoa namba mbili badala ya moja: kwanza sehemu ya pakiti zote ambazo hazikukusudiwa soko la nchi, kisha sehemu inayobaki baada ya kuondoa makadirio ya zile zilizoingia kihalali na wasafiri. Taarifa inayotoa namba ya kwanza na kuiita magendo imepuliza hesabu yake, hata kama kila pakiti iliyohesabiwa ilikuwapo kweli.

Kwa nini tusitumie tu takwimu za sigara zilizokamatwa?

Kwa sababu ukamataji hupima juhudi na bahati ya wakamataji kuliko unavyopima magendo yenyewe. Ukamataji ukiongezeka maradufu katika mwaka mmoja, huenda magendo yameongezeka maradufu, au huenda maofisa wamepata boti mpya, au msiri mmoja ametoa taarifa nzuri. Kontena moja la futi 40 hubeba takriban sigara milioni 10, kiasi ambacho pikipiki za njia za panya zingehitaji safari nyingi mno kukifikisha. Kwa hiyo kontena moja kukamatwa au kuponyoka kunatosha kugeuza picha ya mwaka mzima. Wazee wa pwani hii wanaokumbuka magendo ya karafuu kutoka Pemba kwenda Kenya wanafahamu kwamba magunia yaliyokamatwa hayakuwahi kueleza idadi ya yaliyopita.

Takwimu hizo hazifai kutupwa, hata hivyo. Zinaeleza chapa zipi zinapita, zimefichwaje, na zinatumia kituo cha mpakani, vichochoro vya Mkinga au bandari bubu. Mpimaji huzitumia kujua atafute nini, si kujua kipo kiasi gani.

Njia ya pengo hufanyaje kazi?

Hii ndiyo njia inayopendwa na wachumi wengi, na wazo lake ni jepesi: hesabu sigara zote zinazovutwa nchini, toa zilizolipiwa kodi, na kinachobaki ndicho kiasi cha haramu. Upande wa sigara zilizolipiwa kodi hutolewa na mamlaka ya mapato, na nchini Tanzania ushuru wa bidhaa hutozwa kwa kiwango maalumu kwa kila sigara elfu moja, jambo linalorahisisha kugeuza fedha zilizokusanywa kuwa idadi ya sigara. Upande wa zinazovutwa hutokana na tafiti za kaya, ambamo watu huulizwa kama wanavuta na wanavuta ngapi kwa siku.

Ugumu umejificha katika swali hilo la mwisho. Tuchukue nchi ya kubuni yenye watu wazima milioni 10, ambamo asilimia 7 kati yao, yaani watu 700,000, wanavuta sigara, na kila mmoja anasema anavuta sigara 8 kwa siku. Kwa mwaka hizo ni sigara milioni 2,044. Ikiwa zilizolipiwa kodi ni milioni 1,800, pengo ni milioni 244, karibu asilimia 12 ya soko. Sasa tuseme wavutaji walipunguza kidogo katika kujibu, kama ilivyo kawaida ya mtu anayeulizwa na mgeni mbele ya mkewe au mama yake mzazi, na ukweli ni sigara 10 kwa siku. Matumizi yanakuwa milioni 2,555 na pengo linapanda hadi karibu asilimia 30. Tukienda upande wa pili na kusema wastani ni sigara 7, matumizi yanakuwa milioni 1,788.5, chini ya zilizolipiwa kodi, na magendo yanatoweka kabisa kwenye karatasi. Tofauti ya sigara moja au mbili kwa siku katika kumbukumbu ya mvutaji imetubeba kutoka nchi isiyo na magendo hadi nchi ambayo karibu theluthi moja ya soko lake ni haramu.

Kwa hiyo namba ya mwaka mmoja inayotokana na njia hii isishikiliwe sana. Nguvu ya njia ya pengo iko katika mfululizo. Ikiwa wavutaji wanaficha kiasi kilekile mwaka hadi mwaka, basi kosa linabaki lilelile, na mabadiliko ya pengo yanaeleza mabadiliko ya kweli sokoni. Mamlaka ya mapato ya Uingereza imekuwa ikichapisha makadirio ya namna hii kwa miaka mingi, na faida yake kubwa ni kwamba njia haibadilishwi ovyo, na inapobadilishwa, miaka ya nyuma nayo hukokotolewa upya.

Je, tunaweza kukokotoa pengo la Mkoa wa Tanga peke yake?

Hapana. Mamlaka ya Mapato Tanzania inajua sigara ngapi zimetoka kiwandani au zimeingia nchini zikalipiwa, lakini haijui ngapi kati ya hizo zilivutwa Tanga, ngapi Tabora na ngapi Mbeya, kwa sababu kodi hailipwi dukani. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya mwaka 2022 unaweza kupimwa kwa kukagua pakiti, si kwa pengo.

Kuna tatizo jingine kwa anayetaka kulinganisha pande mbili za mpaka kwa njia hii. Utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulifanyika Kenya mwaka 2014 na kukuta asilimia 11.6 ya watu wazima wanatumia tumbaku. Tanzania ulifanyika mwaka 2018 na kukuta asilimia 8.7. Miaka minne ni mingi katika soko la sigara, na namba zote mbili zinajumuisha ugoro na tumbaku nyingine isiyovutwa, ambazo lazima ziondolewe kwanza kabla hesabu ya sigara haijaanza.

Pengo likiwa hasi maana yake nini?

Mara nyingine ni dosari ya utafiti wa kaya, kama mfano wa juu ulivyoonyesha. Mara nyingine ni habari ya kweli: nchi inauza sigara nyingi zilizolipiwa kodi kuliko zinazovutwa na watu wake, kwa sababu majirani wananunua huku na kuvusha kwao. Mpaka una pande mbili na magendo hufuata bei ilipo nafuu, kwa hiyo mji wa mpakani unaweza kuwa mlango wa kuingilia kwa bidhaa moja na mlango wa kutokea kwa bidhaa nyingine katika wiki hiyohiyo. Waandishi wa habari wa upande huu huwa wanadhani sisi ni wapokeaji daima, na dhana hiyo haifai kuingizwa kwenye utafiti kabla ya kupima.

Kulinganisha takwimu za biashara za nchi mbili kunasaidia?

Kunasaidia kwa mizigo mikubwa. Sigara zina namba yake katika mfumo wa kimataifa wa forodha, 2402.20, na nchi moja ikiandika kwamba imeuza tani 100 kwa jirani ambaye ameandika kupokea tani 60, kuna tani 40, yaani takriban sigara milioni 40, zinazohitaji maelezo. Maelezo hayo huwa ya kawaida mara nyingi: mzigo ulioondoka Desemba uliandikwa Januari, au ulipitia nchi ya tatu na kuandikwa kwa jina la nchi hiyo, au upande mmoja uliandika uzito pamoja na maboksi. Thamani kwa fedha ndiyo isiyofaa kabisa kulinganishwa bila marekebisho, kwa kuwa muuzaji huandika bei ya bidhaa ikipakiwa na mnunuzi huongeza nauli na bima.

Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, wasomaji wengi hudhani kwamba bidhaa ya Kenya ikiingia Tanzania haidaiwi kitu. Ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya umeondolewa kweli, lakini ushuru wa bidhaa kwenye sigara bado unatozwa na kila nchi kwa viwango vyake, na hapo ndipo faida ya mlanguzi inapokaa.

Kuokota pakiti tupu mitaani kunatuambia nini, na kunafaa Tanga?

Wazo la njia hii ni kwamba mvutaji anaweza kudanganya kuhusu anachovuta, ila pakiti aliyoitupa haidanganyi. Watafiti huchagua mitaa, huokota pakiti zote zilizotupwa, kisha hukagua stempu, lugha ya onyo la afya na nchi iliyokusudiwa. Njia hii imetumika sana Ulaya na Marekani. Utafiti wa mwaka 2007 mjini Chicago, ambako kodi ya sigara ilikuwa juu kuliko katika maeneo jirani, ulikuta kwamba robo tatu ya pakiti zilizookotwa mjini humo hazikuwa na stempu ya kodi ya mji, na kadiri watafiti walivyosogea karibu na mpaka wa kodi nafuu, ndivyo stempu za mji zilivyopungua.

Tukiichukua njia hiyo kama ilivyo na kuileta Ngamiani, tutapotea. Mvutaji wa Tanga, hasa kijana na mtu wa kipato kidogo, hanunui pakiti. Ananunua sigara moja moja kibandani, anaiwasha kwa kiberiti cha muuzaji na kuondoka. Pakiti inabaki mezani kwa muuzaji hadi sigara ya mwisho iishe. Kwa hiyo pakiti tupu iliyookotwa jirani na kibanda inawakilisha wavutaji wapatao 20 waliotawanyika, na mvutaji mwenye pakiti yake mwenyewe, ambaye kwa kawaida ana fedha zaidi na anavuta chapa ya bei ya juu, anaonekana kwa wingi kuliko anavyostahili katika barabara za Raskazone. Ukiuliza mvutaji akuonyeshe pakiti yake, njia nyingine inayosifiwa vitabuni, wengi watakuonyesha mikono mitupu.

Njia inayoelekea kufaa hapa ni kumfuata muuzaji. Mtafiti huchagua mitaa kwa bahati nasibu, huorodhesha vibanda, maduka, baa na wachuuzi wote wa mitaa hiyo, pamoja na maeneo yenye mzunguko mkubwa kama soko la Mgandini, stendi ya Kange na mwalo wa Deep Sea, kisha huwaomba wauzaji wamwekee pakiti zote zitakazokwisha ndani ya siku zilizokubaliwa, na kulipia kiasi kidogo kwa kila pakiti bila kujali chapa. Muuzaji wa sigara za magendo atazificha baadhi, hilo halina ubishi. Ili kupima uficho huo, watu wengine wasiojulikana kwa wauzaji hununua sigara kama wateja wa kawaida katika sampuli ndogo ya vibanda hivyohivyo, na vipisi hukusanywa mbele ya vibanda, kwa kuwa chapa mara nyingi huandikwa kwenye karatasi ya sigara karibu na kichungi. Kipisi hakielezi kama kodi ililipwa, lakini kikionekana kipisi cha chapa ambayo muuzaji hakuweka pakiti yake hata moja, tumejua ukubwa wa kinachofichwa.

Jambo moja zaidi ambalo husahauliwa: matokeo ya Mkinga, Duga na Horohoro yasipakwe mkoa mzima. Lushoto na Handeni zina njia zao za kupata bidhaa, na kuchukua asilimia ya kijiji cha mpakani na kuiita ya Tanga ni kosa lilelile la kuchukua asilimia ya Tanga na kuiita ya Tanzania.

Msimu una athari?

Una athari kubwa kwenye pwani hii, na tafiti zilizobuniwa na watu wa bara huwa haziufikirii. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari inampa nafasi mwenye mashua ndogo. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, wengi hawathubutu kutoka, na mzigo huhamia barabarani na vichochoroni. Utafiti wa wiki mbili za Julai na utafiti wa wiki mbili za Februari unaweza kutoa majibu tofauti bila magendo ya mwaka kubadilika.

Ramadhani nayo ni lazima iangaliwe. Katika miji kama Tanga na Pangani uvutaji wa mchana hupungua sana, vibanda vingi hubadili saa, na pakiti zinazokusanywa huwa chache na za wateja wa aina nyingine. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, utafiti unaorudiwa kila Machi utaingia ndani ya Ramadhani miaka fulani na kutoka nje yake miaka mingine, na mabadiliko hayo yatasomwa kama mabadiliko ya soko. Mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, watu hupanda kwenye chapa ya juu. Hilo ni dogo, ila liandikwe.

Pakiti ngapi zinatosha?

Ikiwa kweli asilimia 10 ya pakiti ni haramu na umekusanya pakiti 400 moja moja kwa bahati nasibu kamili, makadirio yako mara nyingi yatakuwa kati ya asilimia 7 na 13. Lakini pakiti hazikusanywi moja moja. Zinatoka kwa wauzaji wachache wenye msambazaji mmoja, kwa hiyo hufanana, na pakiti 400 kutoka vibanda 20 zina habari pungufu kuliko pakiti 400 kutoka vibanda 200. Ni heri kuongeza idadi ya vibanda kuliko idadi ya pakiti kwa kila kibanda, ingawa gharama ya nauli huwavuta watafiti kufanya kinyume.

Stempu husomwaje?

Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi za kielektroniki kwenye sigara mwaka 2019, na Mamlaka ya Mapato imetoa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kusoma stempu na kuona kama inatambulika. Kenya ina mfumo wake tangu 2013, na programu yake ya wananchi huitwa Soma Label. Mtafiti wa mpakani abebe zote mbili, kwa sababu stempu halali ya jirani inathibitisha kwamba kodi ililipwa kwa serikali isiyo yetu, na hilo ni jambo tofauti na pakiti isiyo na stempu popote. Pakiti ya namna ya kwanza ni ya tofauti ya bei kati ya nchi mbili. Ya namna ya pili huashiria mtandao mkubwa zaidi. Taarifa nyingi huzichanganya katika safu moja, na hapo zinapoteza habari iliyokuwa na thamani kuliko asilimia yenyewe.

Nani anapima, na tumwamini nani?

Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya tafiti hizi duniani imelipiwa na kampuni za sigara zenyewe. Ulaya, baada ya makubaliano ya Julai 2004 kati ya Jumuiya ya Ulaya na Philip Morris International, ambayo kampuni hiyo iliahidi kulipa dola bilioni 1.25 kwa miaka 12, utafiti wa kila mwaka wa pakiti ulifanywa na kampuni ya ushauri ya KPMG kwa gharama za watengenezaji. Watafiti wa vyuo vikuu waliorudia vipimo katika nchi mbalimbali kwa fedha zisizotoka kwa kampuni hizo, mara nyingi wamepata asilimia ndogo kuliko zile za tafiti zilizolipiwa na kampuni. Sababu ya kutilia shaka iko wazi: kampuni hutumia namba kubwa ya magendo kuishawishi wizara ya fedha isipandishe ushuru.

Sioni kwamba haki inatendeka tukiishia hapo. Mamlaka ya mapato nayo ina maslahi, kwani namba ndogo huonyesha kwamba stempu zimefaulu na namba kubwa huombewa bajeti. Asasi za kupinga tumbaku nazo hupendelea namba ndogo. Mimi huangalia mambo matatu kabla ya jina la mwandishi: kama orodha ya maeneo yaliyochaguliwa imewekwa wazi, kama idadi ya pakiti za kila eneo imetolewa, na kama njia hiyohiyo ilitumika mara iliyotangulia. Utafiti uliolipiwa na mwenye maslahi lakini ulioweka data zake zote mezani una manufaa kuliko utafiti wa mtu huru aliyetoa asilimia moja tu na kunyamaza.

Ni kweli kwamba kodi ikipanda, magendo lazima yapande?

Tofauti ya bei huleta kishawishi, lakini haitoshi peke yake. Uingereza mwaka 2000 ilikadiriwa kuwa karibu moja ya tano ya sigara zake hazikulipiwa kodi. Baada ya kuongeza maofisa, vifaa vya kukagua kontena na adhabu, sehemu hiyo ilishuka hadi karibu moja ya kumi ndani ya takriban muongo mmoja, huku kodi ikizidi kupanda.

Kiwango cha dunia ni kipi?

Makadirio yanayonukuliwa zaidi yalichapishwa mwaka 2009 kwa kutumia takwimu za mwaka 2007 na kabla yake: asilimia 11.6 ya sigara zote duniani, yaani sigara bilioni 657 kwa mwaka. Katika nchi tajiri ilikuwa asilimia 9.8, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati asilimia ilikuwa kubwa zaidi, ingawa sigara zilikuwa rahisi huko. Yamezeeka, na anayeyanukuu leo kama hali ya sasa anapaswa kutaja mwaka.

Je, kodi inayopotea ni idadi ya sigara haramu mara kiwango cha kodi?

Hesabu hiyo hukuza hasara. Katika nchi yetu ya kubuni, sigara haramu milioni 244 zikizidishwa kwa kodi ya shilingi 50 kila moja zinatoa shilingi bilioni 12.2. Lakini sigara haramu inanunuliwa kwa kuwa ni rahisi. Ikitoweka, baadhi ya wavutaji watapunguza na wengine wataacha badala ya kulipa bei kamili. Tukichukulia kwamba theluthi moja ya sigara hizo zisingenunuliwa, kodi ambayo ingepatikana ni karibu bilioni 8.1. Bilioni nne zilizobaki zimepotea kwenye vichwa vya habari tu.

Kwa nini upande mmoja wa mpaka hautoshi?

Kwa sababu bei ya Tanga haielezi kitu mpaka ijulikane bei ya Lunga Lunga, upande wa Kenya, wiki hiyohiyo, ikigeuzwa kwa kiwango cha kubadilishia fedha kinachotumika mtaani mpakani, ambacho si lazima kilingane na cha benki. Timu mbili zinazotumia fomu moja, zikikusanya pakiti siku zilezile Vanga na Moa, zinaweza kuona mtiririko unaelekea wapi. Timu moja itaona pakiti za kigeni tu. Kwa maoni yangu, utafiti mdogo wa pamoja wa pande mbili una faida kuliko utafiti mkubwa wa upande mmoja, na ugumu wake ni wa vibali zaidi kuliko wa takwimu.

Vibali gani vinahitajika, na wauzaji wanalindwaje?

Kwa Tanzania Bara, utafiti kwa kawaida unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua hushuka kupitia ofisi ya mkoa, wilaya, kata hadi mtaa. Mwenyekiti wa mtaa asiruhusiwe kuongozana na wakusanyaji hadi kibandani, hata akijitolea kwa nia njema, kwa kuwa muuzaji akimwona tu ataondoa pakiti mezani. Majina ya wauzaji yasiandikwe kabisa. Kila kibanda kipewe namba, na ramani ya namba hizo iharibiwe baada ya uhakiki. Mkusanyaji akiulizwa na askari chapa fulani aliinunua kwa nani, fomu yake isiwe na jibu.

Ugoro, tumbaku ya kusokota na sigara za kielektroniki zinahesabiwa?

Hazihesabiwi katika vipimo vilivyoelezwa hapa. Tumbaku ya kusokota na ugoro huuzwa kwa mafungu bila pakiti wala stempu, kwa hiyo hakuna alama ya kukagua, na sigara za kielektroniki huingia kwa njia na wauzaji tofauti. Dodoso la kaya liziulize kwa maswali yake, zisije zikaongezwa kwenye idadi ya sigara kwa makosa.